Ahadi za Penseli: Kanisa Moja Lilivyowatoa Wanasiasa Mimbarini, na Pale Lilipokosea

Kisa hiki kilitokea katika kanisa la Kiprotestanti kwenye mji mdogo wa soko, magharibi mwa Kenya. Kilianza miezi michache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 na kikaendelea hadi 2024. Mimi si mshirika wa kanisa hilo. Niliitwa na mzee mmoja wa kanisa nisaidie kupatanisha watu. Majina, dhehebu na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekiondoa. Nakiandika kwa sababu naona makanisa mengine yakielekea njia hiyo hiyo, na uchaguzi wa 2027 hauko mbali.

Usuli

Kanisa lilikuwa linajenga. Aliyekulia Kenya ameshaelewa hadithi nzima kwa neno hilo tu. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, madirisha yamezibwa kwa mifuko ya saruji, na waumini waliabudu chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo za mkaratusi. Mfuko wa ujenzi ulikuwa mtupu. Basi ikawa harambee juu ya harambee, na kila harambee ina mgeni wa heshima.

Utaratibu ulikuwa umezoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeuona tena. Mheshimiwa hufika ibada ikiwa katikati, magari yakisikika kabla ya watu kuonekana. Viti vya plastiki vilivyovishwa kitambaa cheupe vinakuwa vimepangwa mbele tangu asubuhi. Walinzi na wapambe wake hawana viti vilivyoandaliwa, kwa hiyo wanaondolewa waliokaa benchi la kwanza. Kwenye benchi hilo alikuwa anakaa mama mmoja mzee asiyesikia vizuri. Alilichagua ili amsome mhubiri midomo. Kila mgeni wa heshima alipokuja, mama huyo aliinuka na mkongojo wake akaenda kukaa nyuma, ambako hakusikia neno hata moja hadi baraka ya mwisho. Hakuna aliyewahi kulalamika kwa niaba yake.

Wakati wa matangazo mheshimiwa hupewa maikrofoni “asalimie kanisa.” Salamu hiyo huchukua dakika arobaini.

Kabla hatujamlaumu mchungaji, tukumbuke alikotoka. Yeye ni wa kizazi kilichosomea theolojia kikiwaenzi kina Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki na Mchungaji Timothy Njoya. Hao walisimama mimbarini enzi za chama kimoja, walipokuwa miongoni mwa watu wachache sana waliothubutu kukemea hadharani ufisadi na kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea badala ya kura ya siri. Muge alikufa katika ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya asikanyage Busia. Mchungaji wetu aliposema kwamba “kanisa haliwezi kukaa kimya,” alikuwa anamaanisha urithi huo, naye aliuamini kwa moyo wake wote.

Lakini urithi huo una sura ya pili. Katika uchaguzi wa 2007 viongozi wengi wa makanisa waligawanyika kikabila, kila mmoja akimuombea wa kwao. Damu ilipomwagika baada ya uchaguzi, ilikuwa vigumu kumpata mzee wa dini ambaye pande zote mbili zingemsikiliza. Mwanzoni mwa 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, liliomba radhi waziwazi kwa kuegemea upande. Miaka miwili baadaye makanisa makubwa yaliongoza upinzani dhidi ya katiba mpya, kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu kinachohusu utoaji mimba. Wapiga kura wakaipitisha katiba hiyo Agosti 4, 2010, kwa takribani theluthi mbili ya kura. 

Kisha ikaja Septemba 12, 2021, huko Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya. Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alikataa wanasiasa wapewe nafasi ya kuhutubu, ingawa Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwa wameketi pale pale. Siku chache baadaye maaskofu wa Kikatoliki nao wakatoa msimamo kama huo. Habari hizo zilifika hata katika kanisa lile. Vijana walizishangilia. Wazee walisema sisi hatuna askofu mkuu wa kutulipia mabati.

Kilichotokea

Jumapili moja alikuja mgombea ubunge na bahasha. Baada ya salamu mchungaji alimwita mbele, akamwekea mikono, akatangaza kwamba Mungu ameshaonyesha mtu wake, kisha akaomba kanisa zima lisimame likubaliane naye katika maombi.

Familia moja yenye undugu na mgombea mpinzani ilitoka nje, watoto wakifuatana nyuma. Wengine wote walisimama, isipokuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Alibaki ameketi, mikono mapajani, macho chini. Baada ya ibada mchungaji alimfuata mlangoni.

“Mwalimu, hata wewe?”

“Mchungaji, nilikuja kuabudu.”

Hayo ndiyo maneno yote waliyoambiana. Wiki iliyofuata aliambiwa apumzike kidogo na darasa la watoto.

Vijana waliwaka moto. Kwenye kundi lao la WhatsApp mmoja aliandika, “Mchungaji ametuuza kwa bei ya mabati,” na kabla ya jua kutua picha ya ujumbe huo ilikuwa kwenye simu ya mke wa mchungaji. Jumapili iliyofuata mahubiri yalitoka Zaburi ya 105, “Msiwaguse masihi wangu.” Vijana wakajibu kwenye kundi kwa Mathayo 22, la Kaisari na la Mungu. Kwaya ikagawanyika. Sauti ya nne ilitoweka kabisa, kwa sababu waimbaji wake wote walikuwa vijana wa kiume. Yakaanza maneno ya chinichini kwamba hao vijana wametumwa na mgombea wa upande ule. Mzee aliyenipigia simu alisema, “Njoo kabla hatujaanza kugawana viti.”

Tuliyoamua, na kwa nini

Vijana walitaka barua iende makao makuu ya dhehebu ili mchungaji ahamishwe. Niliwasihi wasubiri, na hadi leo naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Kumhamisha mchungaji kungeondoa mtu na kuacha utaratibu ulivyo. Angekuja mwingine, angekuta turubai lile lile na viti vyeupe vile vile.

Uamuzi wa pili ndio uliogeuza mambo, na haukutoka kwangu. Ulitoka kwa mweka hazina, mama wa makamo anayeuza nafaka sokoni na anayetunza hesabu za kanisa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Katika kikao cha kwanza, watu wakitupiana mistari ya Biblia, aliuliza kama anaweza kusoma kitu. Akafungua daftari.

Yeye ana desturi yake. Ahadi ikitolewa kanisani, anaiandika kwa penseli. Pesa ikifika, anapitisha kalamu ya wino juu ya penseli. Alianza kusoma ukurasa baada ya ukurasa, na baada ya kila jina anasema “penseli” au “kalamu.” Mama fulani, kuku mmoja aliyepigwa mnada, kalamu. Kikundi cha bodaboda, kalamu. Mzee fulani, magunia mawili ya saruji, kalamu. Mheshimiwa fulani, mabati ya paa zima, penseli. Mheshimiwa mwingine, milango yote, penseli. Diwani, penseli. Bahasha ya Jumapili ile iliyoleta fujo ilikuwa kalamu, ila kiasi chake kilikuwa kidogo kuliko sadaka ya kawaida ya mavuno. Aliyoyatamka mgombea kwenye maikrofoni siku hiyo yalikuwa penseli.

Sijapata kusikia chumba kikinyamaza vile. Mchungaji aliliomba lile daftari, akalivuta karibu na dirisha, akalisoma mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Nilidhani nawajengea nyumba.” Machozi yalimlenga. Tangu hapo hatukubishana tena kama jambo litendeke. Tulibishana litendeke vipi.

Katika kikao cha tatu baraza la wazee, vijana na akina mama waliandika utaratibu wa ukurasa mmoja. Mwanasiasa anakaribishwa kuabudu kama mtu yeyote na atakaa atakapopata nafasi. Hapewi maikrofoni ndani ya ibada. Akitaka kuchangia, atatumia kikapu au namba ya M-Pesa ya kanisa kama wengine, na mchango wake hautatangazwa. Benchi la kwanza ni la wazee na wasiosikia. Kipengele hicho cha benchi kilipendekezwa na kijana yule yule aliyeandika kuhusu bei ya mabati.

Kisha kikawekwa kipengele cha mwisho: “Mchungaji hatazungumzia siasa kanisani.” Kilipita bila mjadala. Tulikuwa tumechoka, giza lilikuwa linaingia, na kila mtu alidhani anajua maana yake. Nilikuwepo na sikusema kitu.

Kuna jambo jingine nililokosea siku hiyo. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliomba suala lake lizungumzwe kwanza. Nilimwambia awe na subira, tupitishe utaratibu halafu tutalirudia, maana niliogopa mchungaji angejifungia tena. Alikubali kwa adabu. Hatukulirudia kwa wakati.

Matokeo

Uchaguzi wa Agosti 9, 2022 ulipita bila mgombea yeyote kushika maikrofoni ya kanisa lile. Wawili walijaribu. Mmoja aliposikia masharti alikaa dakika kumi akaondoka. Wa pili alikaa hadi mwisho, akapanga foleni ya baraka na watoto, akaenda zake. Kwaya ilipata sauti ya nne. Familia iliyotoka nje ilirudi, kasoro baba.

Pesa za waheshimiwa zilikatika, na ujenzi ukaenda kwa mwendo wa kinyonga. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu wapo wanaohubiri mabadiliko haya kana kwamba hayana gharama. Paa la ukumbi lilikamilika kwa michango ya waumini baada ya muda mrefu, lakini chumba cha mavazi kingali kimefunikwa turubai.

Mwalimu alihamia kanisa jingine ng'ambo ya mto. Hakugombana na mtu. Aliacha tu kuja.

Halafu ikafika Juni 2024. Vijana waliandamana nchi nzima kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, na Juni 25 polisi wakapiga risasi watu nje ya Bunge. Katika kanisa lile walikuwepo wazazi ambao watoto wao walikuwa Nairobi siku ile na simu zao hazikupatikana hadi usiku. Jumapili iliyofuata mchungaji aliwaombea waliouawa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba serikali inayowapiga risasi watoto wasio na silaha itamjibu Mungu na itawajibu wananchi.

Jumatatu mzee mmoja wa baraza, ambaye ni mtu wa karibu wa mbunge, alileta ule ukurasa. Akaweka kidole kwenye kipengele cha mwisho. “Si ninyi wenyewe mliosema asizungumzie siasa?” Baraza halikuwa na jibu. Mchungaji akaandikiwa barua ya onyo, na vijana waliopigania utaratibu ule miaka miwili kabla wakajikuta wamemfunga mdomo mtu aliyekuwa akiwaombolezea wenzao.

Ilichukua miezi kadhaa kubadilisha sentensi moja. Sasa inasomeka kwamba mchungaji hatampigia debe mgombea wala chama, na hatatumia ibada kuwaambia waumini wamchague nani. Onyo lilifutwa kwenye kumbukumbu.

Uchambuzi

Nimejiuliza sana kwa nini daftari lilifaulu pale ambapo hoja zilishindwa. Vijana walikuwa na hoja nzuri. Walikuwa na Kifungu cha 8 cha Katiba, kinachosema hakuna dini ya taifa, na walikuwa na Kaisari wa Mathayo. Lakini hoja zao zilimweka mchungaji kizimbani, na mtu aliye kizimbani hujitetea. Daftari halikumshtaki. Lilionyesha tu nani amejenga kanisa lile, na jibu likawa ni mama wa kuku na vijana wa bodaboda. Baada ya hapo mchungaji hakuwa anawatetea waheshimiwa tena, kwa sababu hakuwa na deni lao.

Naamini hapa ndipo mahali pa kuanzia. Ushawishi wa viongozi wa dini katika siasa huwa tunauzungumza kama jambo la imani, wakati mara nyingi ni jambo la fedha. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa mchango kwenye kanisa la Kikatoliki la Soweto, mtaa wa Kahawa West jijini Nairobi, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya padri. Ilikuwa siku chache tu tangu maaskofu waikosoe serikali yake vikali. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza pesa hizo zirudishwe. Alielewa kwamba ukosoaji na bahasha havikai kwenye kiganja kimoja. Machi 2025, kanisa moja la Roysambu lilipopokea milioni 20 kutoka kwa Rais, vijana waliandamana kulielekea na wakakutana na mabomu ya machozi. Nawaelewa vijana wale. Lakini kanisa halikulazimika kufungua daftari lake, kwa sababu waliolidai walikuwa nje ya lango. Katika kisa chetu aliyelifungua alikuwa mtu wa ndani, mwenye haki ya kulishika.

Jambo la pili ni mimbari yenyewe. Mchungaji aliwahi kuniuliza, “Mimi si raia? Mbona wakili anaruhusiwa kusema, daktari anaruhusiwa?” Swali lake lilinisumbua kwa wiki kadhaa. Anapiga kura kama mimi. Anaweza kwenda baraza la chifu akasema anamtaka fulani, nami nikainuka nikamjibu. Kanisani siwezi. Mahubiri hayajibiwi, hakuna anayenyoosha mkono katikati ya ibada akasema, “Mchungaji, hapo umekosea.” Yule mwalimu alikuwa na njia moja tu ya kutokubaliana, nayo ni kubaki ameketi, na hata hiyo ilimgharimu darasa. Ndiyo maana kumwombea mgombea na kuwaamuru watu wasimame ni tofauti na kutoa maoni. Ni kuwalazimisha watu kura mbele ya majirani zao, kwa jina la Mungu.

Sasa kosa letu kubwa, lile neno “siasa.” Tulilitumia kama mtu anayefyeka shamba gizani. Tulitaka kukata upigaji debe, tukakata na unabii, yaani kukemea dhuluma kwa jina la Mungu. Okullu na Muge wangeandikiwa barua ya onyo na baraza letu. Wala si sisi peke yetu tuliochanganya mambo haya. Agosti 2023 maaskofu wa Kikatoliki wa Tanzania walipotoa waraka wa kupinga mkataba wa bandari na kampuni ya DP World ya Dubai, jibu la haraka la wengi waliouunga mkono mkataba lilikuwa kwamba viongozi wa dini wasiingilie siasa. Katiba ya Tanzania inatamka kwamba nchi haina dini, nami naunga mkono hilo kwa dhati. Lakini nchi kutokuwa na dini hakumfanyi askofu asiwe na dhamiri. Wenye madaraka hulipenda sana neno “siasa” likiwa pana, kwa sababu likiwa pana wao ndio wanaoamua linaanzia wapi. Mgombea akiombewa, hiyo ni baraka. Marehemu akiombewa, hiyo ni siasa.

Tungeuliza maswali matatu tu kabla ya kuandika kipengele kile, tusingefika pale. Je, anatajwa mgombea au chama? Je, kuna aliyepokea chochote? Je, msikilizaji anaamriwa atende nini kwenye kura? Sala ya Juni 2024 ingepita yote. Jumapili ya bahasha ingeanguka yote.

Na mwalimu. Nilimwona kama suala dogo linaloweza kungoja suala kubwa. Leo naona yeye ndiye aliyekuwa suala. Alikuwa mtu wa kwanza kukataa, kimya, bila WhatsApp na bila kumtukana mtu, na sisi tuliokuja kukataa baadaye tulijenga utaratibu wetu juu ya kiti chake bila kumrudishia. Nikiitwa tena kwenye kisa kama hiki, nitaanza na aliyeumia kabla ya kugusa karatasi.

Baraza lilimwandikia barua ya kumwomba radhi, iliyosainiwa na mchungaji kwa mkono wake. Mweka hazina aliipeleka mwenyewe ng'ambo ya mto. Mwalimu aliisoma wakiwa wamesimama mlangoni, akaikunja, akamkaribisha chai. Hakusema kama atarudi.